Kiti cha Njano cha Mama Ona

Sehemu ya Kumi na Nne

Kwa ninyi mlioniuliza wiki nzima kama gari la Royce Tillery lilipona: halikupona, na wala sikulionea huruma.

Lilikuwa pale pale alipoliegesha, mbele ya nyumba ndogo ya matofali, limefunikwa barafu kuanzia paa hadi magurudumu. Si theluji ya kupangusa kwa mkono. Ni barafu hasa, nene na ngumu, ya maji yaliyomwagwa makusudi kwa mpira wa maji na kugandishwa na baridi ya Januari. Huoni mlango unaanzia wapi. Vishikio vyote vimemezwa.

Na mbele ya gari, juu ya kiti cha jikoni cha njano, ameketi bibi mmoja mwenye koti la kiume na kofia ya sufi. Mikono ameiweka mapajani. Hana haraka yoyote.

Royce alisimama katikati ya njia, mkate wa nyama mkononi, mchuzi unamchuruzikia hadi ndani ya mkono wa koti.

"Nani kafanya hivi?"

 Mtaa mzima ulikuwa dirishani na vikombe vya kahawa, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kujificha nyuma ya pazia.

Sasa, kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo likiwa limefungia vitumbua, sikiliza upesi. Royce ni muuza mabwawa ya kuogelea kutoka Arizona, jangwani, ambako theluji huonekana kwenye kadi za Krismasi tu. Amemleta mkewe Chicago kutembea siku tatu, na siku zote tatu amekuwa akivipa vitu alama juu ya kumi. Lile dude la chuma linalong'aa, ambalo watu huvuka bahari kuja kupiga picha mbele yake, alilipa nne. Akasema ni kijiko kikubwa. Ghorofa refu lenye sakafu ya kioo alilipa tatu, kwa kuwa walipanda wakakuta ukungu, naye akawalaumu wahudumu kwa ukungu huo. Ziwa lililoganda lilipata mbili. "Hata mawimbi hakuna," alisema, na akataka kujua nani anahusika.

Mkewe naye hupewa alama, kila asubuhi, kabla ya kahawa. Leo alipata saba.

Na huyo mkewe usimwonee huruma mapema. Anajiita Brooke, na Royce anaamini alizaliwa California kwenye nyumba yenye bustani. Uongo mtupu. Jina lake ni Birute Gudaitis, na alizaliwa hapa hapa Bridgeport, kusini mwa Chicago, ndani ya nyumba ile ile ya matofali. Aliondoka miaka tisa iliyopita bila kuaga. Akapaka nywele rangi ya dhahabu, akaipunguza pua kwa daktari, akajipa jina la kwenye majarida, na alipompata Royce akamwambia kwamba mama yake alikwisha kufa.

Mama hajafa. Mama ndiye yule kwenye kiti.

Alichotaka Brooke leo ni kitu kidogo cha woga. Apite mara moja, aone kama pazia la jikoni bado ni lile lile, aondoke zake uwanja wa ndege. Akamdanganya Royce kwa ukweli: kwamba mkate wa nyama mtamu kuliko yote jijini unauzwa kona ile, hata kama foleni yake hula saa nzima na zaidi. Lakini theluji ilikuwa imeanguka siku mbili mfululizo, na mtaa mzima nafasi ya gari ilikuwa moja tu, imechimbwa safi hadi kwenye lami, na katikati yake kimewekwa kiti cha njano.

Kila aliyekulia Chicago anajua maana ya kiti hicho. Umechimba nafasi kwa koleo mpaka mgongo umekufa ganzi, unaweka kiti, na nafasi ni yako hadi theluji iyeyuke. Hata jirani mliyeshtakiana naye mahakamani hakigusi. Royce alikikamata mguu akakirusha juu ya rundo la theluji. Na Brooke, ambaye kile kiraka cheusi kwenye kiti alikibandika mwenyewe akiwa na miaka kumi na nne, akakaa kimya akaangalia kucha zake.

Hapo ndipo tulipo. Tuendelee.

"Wewe bibi," Royce akasema. "Umelifanya nini gari langu?"

"Mimi nimekaa tu," Ona Gudaitis akajibu. "Nimetoka kanisani nimekuta kiti changu kule juu na nafasi yangu ina gari. Nikaenda kuegesha mitaa minne huko, nikarudi kwa miguu juu ya barafu, na hili goti. Sasa nimepumzika."

"Hii ni barabara ya umma."

"Nimeichimba kwa muda wa saa tatu na nusu. Nina miaka sabini na moja. Umma sikuuona."

Kicheko kikatoka kwenye kibaraza cha nyumba ya pili. Alikuwa pale mzee mwenye masharubu, Hanratty, anauzungusha mpira wa maji mkononi taratibu, mviringo baada ya mviringo.

"Na wewe unacheka nini?" Royce akamgeukia. "Napiga simu polisi sasa hivi."

"Usipoteze salio lako, bwana. Polisi ndiye mimi. Nimestaafu, lakini miaka thelathini na moja nimevaa magwanda."

"Vizuri. Basi niambie, nani amemwagia maji gari langu?"

Hanratty akautazama ule mpira wa maji mikononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Uchunguzi bado unaendelea," akasema.

Royce akaliendea gari akalipiga teke. Viatu vyake ni vya ngozi ya nyoka, soli laini, vya kutembelea juu ya zulia la hoteli. Mguu mmoja ukaenda kwa gari, wa pili ukaenda kwa Hanratty, na yeye mwenyewe akaenda chini, mkate wa nyama juu ya kifua. Dirishani mtu alipiga makofi.

Brooke hakumwinua. Alikuwa amegandishwa na kitu kingine. Macho ya kijivu ya mama yake yalikuwa yamempitia kuanzia buti hadi kofia, polepole, yakafika usoni, yakatua kwenye ile pua mpya, halafu yakaondoka. Hayakuonyesha chochote. Brooke akapumua. Hajanijua, akajisemea. Na hapo hapo akaumia kwamba hajajulikana, maana ndivyo walivyo watu wa aina yake, wanajificha kisha wananuna wasipotafutwa.

"Na huyu bibie wa nywele nzuri," Ona akasema, bado anamtazama Royce aliye chini. "Mama yake hakumfundisha kiti ni kitu gani?"

"Mwache mke wangu." Royce alikuwa amepiga magoti anatafuta pa kushika. "Mama yake amekufa."

"Amekufa?"

"Amekufa, ndiyo. Kabla sijamwoa."

"Maskini," Ona akasema. "Pole, bibie."

Brooke akaivuta kofia hadi kwenye nyusi. 

"Na kwa taarifa yako," Royce akaendelea, kwa kuwa Royce hajawahi kunyamaza panapofaa, "alikuwa mwanamke wa heshima zake. Picha yake iko sebuleni kwangu, juu ya meko. Lulu shingoni, nywele zimetengenezwa, anacheka vizuri. Namwonyesha kila mgeni. Mwanamke kama yule asingekaa njiani kwenye kiti kibovu kugombana na watu."

Hiyo picha, jamani, naijua habari yake. Ilikuja na fremu kutoka dukani. Brooke aliinunua fremu, akaona mama aliyemo ndani ni bora kuliko wake, akamwacha humo.

Ona akajigusa shingoni, penye skafu ya sufi iliyochakaa.

"Lulu," akasema. "Na huyo wa lulu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Mwambie, mpenzi," Royce akasema. "Moyo, sivyo?"

Wakamgeukia wote watatu. Hanratty aliacha kuzungusha mpira. Hapo pangetosha neno moja, na Brooke alikuwa nalo mdomoni. Lakini ukilisema neno hilo, huna tena nyumba ya Arizona, huna bwawa la umbo la figo, huna mume wa kukupa saba. Unabaki Birute wa Bridgeport.

"Moyo," Brooke akasema.

"Moyo," Ona akaitikia. "Nilidhani hivyo hivyo."

Royce akafanikiwa kusimama kwa kushikilia kiti. Saa yake ilimwambia ndege inaondoka saa kumi na mbili jioni na sasa ni saa tisa kasoro. Mabegi yote mawili yamo ndani ya buti la gari, na buti halionekani. Akaikwangua barafu kwa kadi ya hoteli, kadi ikakatika vipande viwili. Ndipo akapata wazo, na wazo la Royce likishaingia kichwani halikuti kizuizi chochote njiani.

"Bibi, nenda ndani uniletee maji ya moto. Birika zima."

Pale dirishani vikombe vikashuka.

"Ya moto kiasi gani?" Ona akauliza.

"Yanayochemka. Nimwage kwenye kioo cha mbele, barafu iyeyuke, niingie niwashe gari. Hamna akili ya kufikiria hata hilo?"

"Yanayochemka," Ona akarudia. Akainuka, akashika goti, akapanda ngazi zake tatu akaingia ndani.

Brooke alijua. Mtoto wa mji huu hujua jambo hilo kabla ya kujua kusoma: kioo kilichoganda hakimwagiwi maji yanayochemka. Jirani yao mmoja alifanya hivyo mwaka ambao Birute alikuwa darasa la pili, na mtaa ukamcheka mpaka akahama.

"Royce," akaanza.

"Nini?"

Mlango ukafunguliwa. Ona akashuka na birika linatoa mvuke, akampa Royce mkononi kwa adabu zote, na juu ya bega la Royce akamtazama Brooke. Akainua nyusi moja. Ile ile aliyoiinua mezani kila siku kwa miaka kumi na minane, akimsubiri binti yake aseme asante.

Basi Brooke akaelewa kwamba amejulikana. Amejulikana tangu alipotokea kwenye kona.

"Nini, Brooke? Sema, yanapoa."

Mwanamke wa California hawezi kujua mambo ya vioo na barafu. Brooke akaufunga mdomo. Nusu ya kimya kile ilikuwa woga. Nusu nyingine, niwaambie ukweli, ilikuwa raha tupu.

Royce akamwaga birika zima.

Kioo kililia mlio mmoja mkubwa, kama mtu amevunja kuni. Ufa ukakimbia kutoka kona moja hadi nyingine, ukazaa nyufa zingine, na kile kioo chote kikabonyea ndani pamoja na barafu yake. Maji yaliyobaki yakateremka juu ya bodi na kuanza kuganda mbele ya macho yake.

Mtaa mzima ulisikika ukicheka, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Mlijua," Royce akasema. Sauti ilikuwa imepanda. "Mlijua wote. Kwa nini hamkuniambia?"

"Hukuuliza," Hanratty akasema. "Ulituambia unachotaka."

Royce akarusha birika chini, akatoa simu, akaita teksi kwa maneno ambayo mhariri wangu hataniruhusu kuyaandika. Mabegi yabaki. Gari libaki, ni la kukodi, wenyewe watakuja kulichukua kwa nyundo. Yeye anaondoka kwenye mji huu wa washenzi, na mji wote kwa jumla anaupa sifuri.

Ona akaliokota birika. Akalikagua kama limebonyea. Kisha, bila kuinua macho, akamwuliza Brooke kwa sauti ya kuulizia bei ya viazi.

"Ulimzika wapi?"

"Nani?"

"Huyo wa lulu."

Teksi ikatokea kwenye kona, inakuja taratibu kwa sababu ya barafu. Brooke akaitazama. Akamtazama Royce, anayejipangusa nyama ya ng'ombe kifuani. Akamtazama mama yake. Kuna kitu ndani yake kilichokuwa kimeinama miaka tisa, na kilikuwa kimechoka kuinama.

"Sikumzika," akasema.

"Hanratty hakusikia," Ona akasema. "Rudia."

"Sikumzika. Hajafa. Royce, huyu ndiye mama yangu. Hii ndiyo nyumba yetu. Kiraka hicho kwenye kiti nimekibandika mimi."

Royce akacheka. Akacheka kwa moyo kabisa, akamnyooshea Ona kidole, akamgeukia Hanratty acheke naye. Hanratty hakucheka. Basi Royce akayatazama yale macho ya kijivu ya bibi, akayatazama macho ya kijivu ya mkewe, ambayo daktari wa pua hakuyagusa, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Na picha?"

"Ilikuja na fremu."

"Nimemsalimia mwanamke wa kwenye fremu miaka sita?"

"Kila asubuhi," Brooke akasema. "Ulimpa tisa."

Royce akamgeukia Ona. Sijawahi kumwona mtu anaomba kukanushiwa kwa uso namna ile.

"Ni kweli, bibi? Huyu ni binti yako?"

Ona alichukua muda wake. Alikung'uta theluji kwenye birika. Brooke akasogea hatua moja, mikono imekwisha kufunguka kidogo, kama mtu anayejiandaa kupokelewa.

"Mimi sina binti," Ona akasema. "Nilikuwa naye. Alikufa. Binti yangu asingeangalia kucha zake wakati mtu anatupa kiti cha mama yake. Hanratty aliona yote dirishani."

Akapanda ngazi zake tatu, akaingia, akafunga mlango.

Sasa mlango ule una komeo la chuma. Birute amekua nalo. Likifungwa linalia hadi nyumba ya tano, na usichana wake wote, akichelewa kurudi, ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko fimbo. Akasimama pale kwenye theluji akalisubiri.  Akahesabu pumzi tatu, akahesabu ya nne.

Komeo halikulia.

"Brooke." Royce alikuwa ndani ya teksi, mguu mmoja nje. "Mimi ni mtu mwelewa. Umenidanganya, sawa, tutaliongea kwenye ndege. Ile saba yako ya asubuhi imeshuka hadi tatu. Nahesabu mpaka tano, uwe umeingia. Moja."

"Royce."

"Mbili."

"Wewe umeshawahi kupewa alama?"

"Tatu. Ingia ndani ya gari."

"Mbili juu ya kumi," Brooke akasema. "Na zote mbili ni za viatu."

Hanratty akakohoa kahawa yake kwenye kibaraza. Royce akasema nne kwa sauti ya mtu asiyejua tena anahesabu nini. Brooke alikuwa ameshainama. Alikishika kile kiti cha njano kwa mgongo, akakipangusa theluji kwa mkono wa koti lake la manyoya, akakibeba kifuani. Ile tano aliisikia akiwa tayari kwenye ngazi ya pili. Mlango wa teksi ukagongwa kwa nguvu, na magurudumu yakazunguka bure kidogo kwenye barafu kabla ya kushika njia.

Hakugeuka.

Akasukuma mlango kwa bega. Ukafunguka. Harufu ikampokea ile ile, kabichi na sabuni ya mche, na ukumbi ulikuwa mwembamba kuliko alivyoukumbuka. Akapiga hatua mbili na kiti chake. Ya tatu ikamshinda.

Ukutani, juu ya meza ndogo yenye mshumaa unaowaka, ilitundikwa picha. Msichana wa joho la kumaliza shule, nywele nyeusi, pua kubwa ya ukoo, anacheka. Kona ya fremu ilikuwa na utepe mweusi. Chini yake, kwa mwandiko wa mama yake, jina: Birute Gudaitis. Tarehe ya kuzaliwa. Kistari. Tarehe ya kufa.

Kumi na mbili Juni, miaka sita iliyopita.

Ni siku aliyoolewa na Royce. Walioana ufukweni Mexico, wawili peke yao, na mashahidi wao walikuwa wahudumu wa hoteli waliovuliwa aproni. Hakuna mtu wa Bridgeport aliyejua. Hakuna mtu aliyemwita Birute aliyewahi kuambiwa.

Mikono yake ikakibana kiti.

"Umesimama mbele ya picha," sauti ya Ona ikatoka jikoni. Haikuwa ya hasira wala ya upole. "Isome vizuri, kisha funga mlango, baridi inaingia. Na kiti ukilete huku. Aliyeniletea hiyo tarehe yumo humu jikoni, amekuja kukuona, na amechoka kusimama."